Jibu linakaa wapi? Safari ya DHIS2 mpaka Maniema

Wenzangu, kila mwezi vituo vya afya vyetu vinajaza kaneva: wamama wangapi wamezaa, malaria ngapi, chanjo ngapi. Karatasi inafika kwa biro ya zoni ya afya (Maniema tuko nazo 18), na pale mtu anaingiza namba ndani ya DHIS2. Programu ni ya bure, kodi yake iko wazi kwa wote. Sawa, lakini siku inagoma na ripoti inangojewa, utauliza wapi?

DHIS ya kwanza ilizaliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya apartheid. Ilisimama juu ya Microsoft Access (ajabu kidogo, programu ya bure juu ya msingi wa kulipia) na iliwekwa ordinatere moja moja. Msaada wakati ule ulikuwa mtu anayekaa pembeni yako. Akipanda gari, jibu limepanda naye.

Halafu Chuo Kikuu cha Oslo kikasimamia DHIS2, iliyoanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Wanaojenga wako Norway, watumiaji wako mbali. Basi wakachagua Launchpad, na listi za barua pepe: moja ya watumiaji, nyingine ya waandika kodi. Kwa sisi wa koneksio mbovu, mimi naona haikuwa mbaya, ju email inajua kungoja. Kasoro ni kwamba mazungumzo yalikuwa zaidi Kiingereza, na kuchimba jibu la zamani ilikuwa kazi. Mwaka 2018 wakahamia kwa jukwaa lao la Discourse: kila swali na kichwa chake, jibu lililofaa linawekwa alama, na ukitafuta kwa Google unalikuta.

Na sisi? Tunauliza kwa grupu ya WhatsApp. Siwalaumu: ni haraka, ni Kiswahili na Kifaransa chetu, na mega hazikwishi. Lakini jibu la mwezi wa tatu liko wapi leo? Limezama chini ya pole na hongera. Mwenzetu wa Kabambare anauliza tena lile lile ambalo wa Lubutu alishajibiwa.

Ninyi wa informatike, mungeanza na kidogo: kila Ijumaa mtu mmoja achukue jibu moja zuri la grupu, aliandike kwa Kifaransa kwa jukwaa lile la wote, halafu link ndiyo irudi WhatsApp.