Mdudu wa El Niño

Nairobi Fly si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, hafiki hata sentimita moja na nusu, mwekundu, kichwa cheusi, mabawa mafupi ya buluu iliyokolea. Jina la jiji alipewa tu. Jamaa zake wako India, Uchina, hadi Australia. Lakini Eastlands ilimjua vizuri wakati wa mvua ya El Niño, kuanzia Oktoba 1997 hadi mapema 1998.

Angalia ardhi yenyewe. Mitaa mingi ya huku imekaa juu ya ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu, na ukishashiba maji hauyaachilii haraka. Mto Nairobi na Mto Ngong inapita hapa, na kando yake watu wamepanda sukuma wiki na nduma. Mdudu huyu anataka hayo tu: unyevu na majani yanayooza. Shambani anakula vidukari, kwa hivyo mkulima hana shida naye. Usiku anafuata taa, na taa ziko kwetu.

Haumi wala hadungi. Anatembea shingoni, unampiga kofi, na hapo unajipaka mwenyewe majimaji ya mwili wake, yenye sumu inayoitwa pederini. (Hata sumu si kazi yake: inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, hasa ndani ya majike.) Siku hiyo husikii kitu. Kesho yake, au kesho kutwa, ngozi inawaka na malengelenge yanajipanga mstari pale kiganja kilipopita. Ukikunja mkono, kidonda kinapiga chapa upande wa pili. Ukisugua jicho, linavimba mpaka linafunga.

Mstari huo ndio uliokuwa balaa. Kwa macho ya jirani unafanana sana na mkanda wa jeshi, na miaka ile mkanda wa jeshi ulisomwa kama ukimwi. ARV zilikuwa bado hazijamfikia mwananchi wa kawaida. Rais Moi alikuja kutangaza ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999. Sasa fikiria ploti yenye choo kimoja na kamba moja ya nguo, halafu wewe una malengelenge shingoni. Daktari angekutofautishia: mkanda hufuata neva, upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia, huu mwingine huenda popote mkono ulipoenda. Kidonda kinapona kwa wiki mbili hivi. Doa jeusi linabaki muda mrefu zaidi, na ploti ina macho.

Ushauri wa kawaida mvua ikizidi ni kuzima taa za nje. Ni rahisi kusema. Huku tumelilia mulika mwizi miaka mingi, na hakuna atakayekubali izimwe kwa sababu ya mdudu. Kwa hivyo funga dirisha mapema, kagua neti kabla ya kulala, na ukimwona kwenye ngozi mpulize, usimpige. Ukishampiga, sabuni na maji mara moja, kabla mkono haujafika usoni.