Waliokombolewa wa Karema

Kiswahili kina neno moja lililobebeshwa mizigo miwili. Kukomboa ni kutoa mali ili kilichoshikwa kirudi. Ndivyo shamba la rehani lilivyokombolewa kwa mdai, na ndivyo mtumwa alivyokombolewa kwa bwana wake. Wamisionari nao walipotafuta jina la Kiswahili la yule wanayemwamini kuwa aliutoa uhai wake kwa ajili ya waja, walilitwaa neno lilo hilo, na tangu hapo Mkombozi akakaa katika sala na nyimbo za kanisani. Kwingineko maana hizi zilikaa mbalimbali, moja sokoni na moja madhabahuni. Huko Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zilikutana katika mwili mmoja. Mtoto aliyelipiwa nguo na shanga ndiye aliyemiminiwa maji ya ubatizo, na aliyelipa ndiye aliyebatiza.

Leo mtu huianza safari ya Karema kutoka Mpanda, mji mchanga ambao Ilembo ni mojawapo ya kata zake. Reli ya kutoka Kaliua ilifika huko mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa 1960, reli ikabaki, na watu wakazidi kuja kutoka kila upande, kila mmoja na dini yake. Kwa sheria ya nchi, mkaazi wa Ilembo aweza kulihama kanisa, kusilimu, kurejea kwa mizimu ya babu zake au kukaa bila ya dini yoyote, na asubuhi yake akaamka katika nyumba ile ile na kulima shamba lile lile. Jambo hilo halishangazi mtu kwa kuwa limezoeleka. Ziwani, kiasi cha kilomita mia na ushee upande wa magharibi, palikuwa na wakati ambapo kuiacha imani na kuiacha nyumba lilikuwa jambo moja.

Karema haikuanza kuwa misheni. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II iliyojidai kuwa ya elimu na ya kupinga utumwa. Mwaka huo huo walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, tembo wanne waliotoka Bombay, ili ijaribiwe kama wanyama wangeweza kushika kazi ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Mkutano wa Berlin ulipogawa mipaka, Leopold akageuza macho yake kuelekea Kongo, na mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kadinali Lavigerie.

Lavigerie alikuwa na ndoto kubwa kuliko boma. Alitamani dola ya Kikristo katikati ya Afrika, yenye mtawala wake, sheria zake na askari wake, ambamo biashara ya watumwa isingepita. Mtu aliyekaribia kuitimiza ndoto hiyo alikuwa Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ambaye aliweka makao yake ng'ambo ya ziwa, Mpala na kisha Mrumbi, akaoa huko huko, na akafa huko mwaka 1927. Adui yake mkubwa alikuwa mtu wa pwani ambaye wasomaji wa visiwani hawahitaji kujulishwa ukoo wake: Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, aliyepewa jina la Rumaliza, na ambaye mkono wake kutoka Ujiji ulifika pande zote za ziwa. Vita vyao vimesimuliwa mara nyingi kama vita vya msalaba na mwezi. Ukweli ni kwamba vilikuwa pia vita vya kugombania watu, kwa kuwa katika nchi ile isiyo na fedha, mwenye watu ndiye aliyekuwa na mali.

Watu wa misheni walipatikana kwa kukombolewa. Wengi walikuwa watoto, kwa sababu mtoto alikuwa na bei ndogo na, kwa maneno ya wakati ule, alifinyangika. Walilelewa katika nyumba ya yatima, wakafundishwa kusoma, kulima na kusali; walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa kiwanja na shamba katika vijiji vilivyouzunguka ukuta wa misheni. Mlezi, mwalimu, mwenye ardhi, mshenga na kadhi alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa padri. Kengele ililia alfajiri watu wakaamka. Ikalia wakaenda ibadani. Ikalia wakashika majembe. Mgeni aliyetoka nje kutaka dini alikuwa na njia ndefu zaidi, maana Lavigerie aliagiza kwamba pasiwe na ubatizo kabla ya miaka minne, miwili ya kuomba na miwili ya kufundishwa. Masharti hayo ya miaka minne yalikuwa makali, lakini yalikuwa na uadilifu ndani yake, kwa kuwa mtu aliyeyaona mazito aliweza kurudi kwao. Mtoto wa ukombozi hakuwa na kwao.

Pwani iliyajua mambo haya kabla ya bara. Bagamoyo ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa tangu 1868, chini ya mapadri wa Roho Mtakatifu, na Mombasa ikapata Frere Town miaka michache baadaye kwa mkono wa Waanglikana. Kengele yake ingali imesimama, na mtaa mzima waitwa Kengeleni kwa ajili yake. Bagamoyo palikuwa na waliotoroka, na mapadri waliandika habari zao kwa uchungu na kwa mshangao. Hawakuelewa mtu aliyetolewa utumwani akimbie nini. Lakini mshangao huo unasema mengi juu ya aliyeshangaa kuliko juu ya aliyekimbia.

Hapa lugha yetu yasaidia tena, maana inapambanua mambo ambayo lugha za wamisionari ziliyachanganya. Katika Kiswahili cha zamani, mungwana ni aliyezaliwa bila ya minyororo, na huru ni aliyefunguliwa. Huru hakuwa mungwana. Fikihi nayo ilikuwa na jina la kamba iliyobaki baada ya mnyororo kukatwa: walaa, fungamano baina ya aliyeacha huru na aliyeachwa, hata aliyeachwa akifa bila ya warithi wa damu yake, mrithi wake akawa yule aliyemfungua. Mapadri wa Karema hawakuisoma fikihi hiyo, na pengine wangekasirika kulinganishwa na mabwana wa Unguja. Hata hivyo walichokijenga kilikuwa walaa kwa jina jingine. Tofauti ilikuwa kwamba mtu wa pwani aliyeachwa huru alidaiwa heshima na huduma, ilhali wa Karema alidaiwa na imani pia.

Wala si haki kuwahukumu mapadri kwa kipimo hicho peke yake. Mbadala wa ukuta wa Karema, kwa mtoto wa mwaka 1886, haukuwa Katiba wala mahakama. Ulikuwa msafara. Na ndani ya ukuta ule alikaa mtu ambaye maisha yake yanazuia kila hukumu ya haraka. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadri Weupe huko Algeria. Walimsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, akiwa mganga na katekista. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa ziwa lile kwa zaidi ya miaka sitini, hata kifo chake mwaka 1956. Alioa pale, na mwanawe Joseph akapata upadri mwaka 1923. Je, Atiman alikuwa huru? Yeye mwenyewe angejibu ndiyo bila ya kusita, na hapana sababu ya kumkadhibisha. Ila jibu lake ni la mtu aliyebaki. Waliotoroka hawakuandikiwa vitabu.

Utawala wa Wajerumani ulipoenea ziwani, mapadri walipokonywa upanga na hukumu, wakabakiziwa kengele. Dola ya Lavigerie ikafifia ikawa parokia. Karema ilipanda hadhi hata ikawa jimbo mwaka 1953, kisha kiti cha askofu kikahamishiwa Sumbawanga 1969, na Mpanda ikapata jimbo lake mwaka 2000. Kanisa lile la amri likawa kanisa la hiari, na lilipokuwa la hiari ndipo lilipoenea kweli.

Wakati huo huo, kutoka kusini, ilikuja imani ya namna nyingine kabisa, kali kuliko ya mapadri lakini isiyo na ukuta. Mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, vijana waliorejea kutoka migodi na miji ya kusini walianza kuhubiri, katika mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika, mafundisho ya Mnara wa Mlinzi. Mashuhuri wao alikuwa Hanoc Sindano, Mmambwe. Wafuasi wake walikataa upagazi wa kivita wa tengatenga, wakakataa amri za machifu, na wakajitenga katika makao yao wakiungoja mwisho wa dunia. Makao makuu ya dini hiyo huko Marekani hayakuwatambua, nao hawakujali. Serikali ya Waingereza iliwatia wengi gerezani mwaka 1919, lakini mahubiri yaliuvuka mpaka. Wakaja baadaye Mashahidi wa Yehova wenyewe, wenye utaratibu na vitabu. Tanganyika iliyokuwa huru iliwapiga marufuku katika miaka ya 1960, na hawakusajiliwa upya hata 1987.

Kosa lao machoni mwa taifa changa halikuwa sala. Ilikuwa ni kutoimba. Hawaisalimu bendera, hawauimbi wimbo wa taifa, hawachukui kadi ya chama. Na katika zama za chama kimoja, kunyamaza kulisikika kuliko matusi. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na ibara ya 19 ikatamka kwamba kila mtu ana uhuru wa imani na wa kuchagua dini yake, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si kazi ya mamlaka ya nchi. Maneno yalikuwa mazuri, lakini yalikaa muda mrefu bila ya kupimwa.

Kipimo kilikuja kutoka Mbozi, upande wa pili wa Ziwa Rukwa, katika nchi ile ile ambayo wahubiri wa Mnara wa Mlinzi waliipitia. Wanafunzi wa sekondari 127, Mashahidi wa Yehova, walisimama kwa adabu wakati wa wimbo wa taifa lakini hawakuimba. Watano walifukuzwa shule na 122 waliadhibiwa. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2010, kwa wingi wa majaji. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufani, kwa kauli moja, iliwapa haki. Wanafunzi wale walikuwa wa jumuiya yenye masharti mazito, ambayo huwatenga wanaoihama hata na jamaa zao wa karibu. Na dola ikaambiwa iiache jumuiya hiyo na ukali wake. Ndivyo ilivyopasa. Lakini katika kesi ile mwanafunzi alikuwa na mtu wa kumshitaki. Akitokea miongoni mwao mmoja aliyetamani kuimba, mashitaka yake angeyapeleka wapi, ikiwa aliyemkataza ni mama yake?

Swali hilo si la mzaha, na watu wa pwani wamelijua kwa machozi. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, wilaya ya Malindi, serikali ya Kenya ilianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, walioambiwa wafunge wasile hata wafe ili wamwone Yesu. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Mackenzie na wenzake walikana mashitaka, na mwaka 2024 kesi zikaanza kusikilizwa. Baada ya msiba, walio wengi walidai sheria ya kuyabana makundi ya dini, na kikosi kazi kikaipendekeza. Yaeleweka. Hata hivyo sheria ya kuandikisha makundi huuliza mwenyekiti ni nani na fedha zinatoka wapi. Haiulizi kama mtoto aliyomo ndani ana pa kwenda, wala kama mke akiamua kuondoka nyumba na ardhi vitabaki mikononi mwa nani. Shakahola watu waliuza walichokuwa nacho wakahamia msituni, kwenye viwanja walivyopewa na kiongozi wao. Aliyeisoma habari ya vijiji vya Karema hawezi kukosa kushtuka, ijapokuwa mapadri walikomboa ili watu waishi.

Ipo imani moja katika nchi ya Mpanda ambayo haikuwahi kusajiliwa, wala kupigwa marufuku, wala kukomboa mtu. Wabende humwita Katabi, mzimu wa mwindaji wa kale, na makao yake ni chini ya mkwaju karibu na ziwa linaloitwa kwa jina lake. Wajerumani waliyafanya maeneo hayo kuwa pori la wanyama, na mwaka 1974 yakawa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 2012 mkoa mzima ukapewa jina la Katavi, na ofisi zake zikawekwa Mpanda. Watu bado humwekea Katabi sadaka pale shinani. Mkwaju umo ndani ya mpaka wa hifadhi, na anayetaka kuufikia hupita kwanza kwa askari wa wanyamapori.