Leseni za Kuchimba Tanzaniti

Vito vya tanzaniti viligunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, kusini-mashariki ya Mlima Meru, mahali palipokuwa wakati huo katika Mkoa wa Arusha. Serikali iliyataifisha machimbo mwaka 1971, na mwaka 1990 yakagawanywa vitalu vinne. Sheria ya Madini ya 1998 iliwahifadhia raia leseni ya wachimbaji wadogo. Ile ya 2010 ikaipa muda wa miaka saba. Leseni ni ruhusa ya kuchimba, lakini humtaja mwenye shimo, si achimbaye. Mwanaapolo hushuka kwa chakula na fungu la mawe, pasipo mshahara. Aprili 1998 maji ya mvua yalipojaza mashimo, wengi walizama. Daftari la leseni halikuweza kutaja majina yao.