Farasi Aliyefundishwa Bila Mjeledi

Farasi ni wachache katika nchi zetu, maana mbung'o huwaua. Kwa hiyo wengi wetu hatujapata kuona jinsi anavyofundishwa. Desturi ya zamani katika mataifa mengi ilikuwa kumfunga kamba na kumpiga mpaka achoke kushindana na mtu. Walakini katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon Myunani, aliyekuwa mwanafunzi wa Socrates, aliandika kitabu akiwaonya wapandaji wasimwendee farasi kwa hasira, tena wamtuze atendapo vema.

Mtu aliyeishika sana njia hiyo ni William Key wa Shelbyville, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1833. Katika nchi aliyokulia, mjeledi ulikuwa wa farasi na wa watu pia. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 alikuwa mtu mzima. Uganga wa wanyama hakuusomea chuoni. Aliujua kwa kuwatunza, akapata mali kwa dawa ya kuchua aliyoitengeneza mwenyewe.

Mwaka 1889 farasi wake jike alizaa dume dhaifu, miguu imepinda, hata haikudhaniwa ataishi. Key akamlea kama mtoto wa nyumbani, akamwita Jim, akaanza kumfundisha. Jim alipolipata jambo alipewa kipande cha tofaa au sukari, pamoja na neno la upole. Alipokosa hakupigwa, bali somo lilirudiwa. Kazi hiyo ilichukua yapata miaka 7. Sisi tulio walimu twajua uzito wa hesabu hiyo!

Mwaka 1897 Jim alionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Nashville, na Rais McKinley alikuwa miongoni mwa waliomtazama. Alichagua kadi za herufi akaunganisha majina, akatoa chenji katika sanduku la fedha, na ilitangazwa ya kuwa ajua hata mistari ya Biblia itajayo farasi. Watu wengi, hasa watoto, wakatia sahihi ahadi ya kuwahurumia wanyama.

Je, alisoma kweli? Hatudhani. Huko Berlin palikuwa na farasi Hans, aliyefundishwa na mwalimu mstaafu, Wilhelm von Osten, kwa mkate na karoti, akajibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha ya kuwa Hans hakuhesabu: aliangalia mwendo mdogo wa kichwa cha muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua kuwa aufanya. Asipomwona, alishindwa. Huenda Jim naye alimsoma bwana wake kuliko kadi. Kwa maoni yetu hilo halimpunguzii Key sifa. Farasi aliyezoea kupigwa huutazama mkono wenye fimbo. Huyu alimtazama mtu usoni, kwa hiari, akitafuta kujua atakalo.

Key alifariki mwaka 1909. Jim alimfuata mwaka 1912, akazikwa huko huko Shelbyville.