Mpunga wa Carolina na Mikono Iliyoulima

Wasikilizaji wetu, jina la Marekani wazee wetu wa pwani walilijua kwanza kwa nguo, ile nguo ngumu isiyotiwa rangi iitwayo marekani. Labda ndiyo sababu, tusikiapo habari za watumwa wa nchi ile, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye pamba. Jioni hii twataka kuzungumza habari za chakula, na hasa mpunga. Kwa maana kabla pamba haijawa kitu kikubwa, Carolina ya Kusini ilikuwa imekwisha tajirika kwa mpunga.

Waingereza walianzisha makazi yao Charleston mwaka 1670, na kabla karne ile haijaisha mpunga ulikuwa shambani. Mbegu ilitoka wapi? Iko hadithi isimuliwayo sana, ya kwamba nahodha mmoja aliyetoka Bukini alitoa kifuko cha mbegu kuwa zawadi. Huenda ikawa kweli. Lakini mbegu ni kitu kimoja, na ujuzi wa kuilima ni kitu kingine. Kwao Uingereza watu walijua ngano na shayiri. Bali watu wa Senegambia na Sierra Leone walikuwa na mpunga wao wenyewe tangu kale, wa jamii nyingine kabisa na ule wa Asia, wakijenga kingo za udongo ili kuzuia maji ya chumvi. Wenye mashamba walilijua jambo hili vizuri. Matangazo ya mnada yaliyopigwa chapa Charleston yalitaja, kama sifa ya bidhaa, kwamba watu hawa wametoka pwani ya mpunga. Kufika mwaka 1708 weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika nchi ile.

Mwaka 2001 Bibi Judith Carney alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba kilimo kile kilikuwa elimu ya Waafrika; mwaka 2007 wataalamu wengine wakampinga, wakisema amepita kiasi. Sisi twaona hivi: hata kama wenye mashamba nao walibuni mengi, kazi ya mikono inajieleza. Mbegu ilifukiwa kwa kisigino cha mguu, mpunga ukatwangwa kwa kinu na mchi, ukapepetwa kwa ungo wa majani uliosukwa kwa namna ya Afrika. Msikilizaji wa kike hahitaji kufundishwa uzito wa mchi. Lakini na afikiri kutwanga mavuno ya bwana baada ya kutwa nzima shambani, mpaka vilipokuja vinu vya maji mwishoni mwa karne ya 18.

Tena walilima ndani ya maji. Mto ulipojaa kwa nguvu ya bahari, milango ya kingo ilifunguliwa ili maji matamu yaingie, kisha ikafungwa. Homa ilikuwa nyingi hata mabwana wakakimbia mashamba wakati wa joto. Watumwa walibaki, na watoto wao wengi walikufa.

Faida ilikwenda mbali. Ngome ya Bunce katika Sierra Leone ilikuwa ya Richard Oswald na wenzake wa London. Aliyewauzia watu wao Charleston ni Henry Laurens. Mwaka 1782 mabwana hawa wawili walikutana Paris katika shauri la kumaliza vita vya Marekani, mmoja upande wa Uingereza, mwingine upande wa wale waliopigania uhuru!

Je, watumwa walikula nini? Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa huko Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba mtu mzima alipewa kwa mwezi ratili nane za nyama ya nguruwe, au samaki badala yake, na busheli moja ya unga wa mahindi. Watoto waliwekewa uji chini katika chano kama hori la nguruwe, wakachota kwa kombe za chaza au kwa mikono mitupu.

Hata hivyo jikoni mwa bwana mpishi alikuwa mwanamke mweusi, naye ndiye aliyewazoeza walaji wake. Bamia katika Louisiana iliitwa “gumbo”, neno la Kibantu. Karanga ziliitwa “goober”, kutoka nguba ya Kikongo. Ufuta wa Carolina mpaka leo huitwa “benne”, kama waitavyo Wawolofu. Wali wa kunde, uitwao Hoppin’ John, wazungu na weusi huula siku ya mwaka mpya kwa kutaka heri.

Upishi wa wali ule umo katika kitabu cha Bibi Sarah Rutledge wa Charleston, cha mwaka 1847. Yeye mwenyewe hakutia jina lake, kwa adabu ya mabibi wa zamani zile. Majina ya wapishi hayakufichwa, hayakuulizwa. Ikapita miaka 34. Mwaka 1881, huko San Francisco, Bibi Abby Fisher, aliyezaliwa utumwani Carolina ya Kusini, alitoa kitabu chake cha mapishi. Hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisema, wengine wakaandika, na jina lililopigwa chapa juu yake ni lake.