Maneno ya Dini Katika Mazungumzo ya Kila Siku

Swali dogo limetujia hapa Mloka, nasi twaona yafaa kulijibu kwa habari za zamani. Mwanafunzi mmoja wa ubatizo aliagana na mzee mwenye mtumbwi ukingoni mwa Rufiji, akasema, "Tutaonana kesho, inshallah." Mkristo mwenzake akamkemea palepale, akisema kwamba neno hilo ni la Waislamu, na Mkristo asilitie kinywani. Yule mzee ni Mwislamu, kama walivyo jirani zetu wengi. Alisikia yote, wala hakujibu. Alishika upondo wake akaenda zake. Siku ya pili hakupiga hodi kwetu kama ilivyokuwa desturi yake. Ndipo yule kijana alipokuja kutuuliza, "Mwalimu, ni halali kwangu kusema inshallah?"

Basi tulitazame kwanza swali lenyewe. Mwalimu, swali, halali: maneno yote matatu asili yake ni Kiarabu. Lugha yetu ilikua pwani, nao wafanya biashara wa Uarabuni walifika huko kwa majahazi miaka mingi kabla ya misheni. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Maandiko, aliwakuta watu wana maneno yao tayari ya kunenea habari za Mungu. Edward Steere naye alifika Unguja mwaka 1864, akawa Askofu mwaka 1874. Hakubuni lugha mpya, bali aliwasikiliza wenyeji. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Jina la Mungu ni la Kibantu. Lakini imani, dhambi, malaika, nabii na Injili ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Hata kanisa na msalaba ni hivyo hivyo.

Wapo waliochukizwa na jambo hili. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, aliona kuwa Kiarabu kimezidi mno katika Kiswahili cha vitabu, na ya kuwa watu wa bara wangeelewa zaidi maneno ya Kibantu. Alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kuyaondoa maneno ya Kiarabu. Kanoni Broomfield wa misheni ya Unguja alimjibu mwaka 1931 kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa Kiswahili, wala msemaji hakumbuki yalikotoka. Walutheri wengi waliisoma Biblia ya Roehl kwa upendo. Lakini sokoni na mashambani watu waliendelea kusema kama walivyosema. Na Biblia ya umoja iliyotoka mwaka 1952 ilishika imani na dhambi kama zamani.

Mambo haya si yetu peke yetu. Huko Uingereza, mwaka 1606, Bunge liliwakataza wachezaji wa jukwaani kulitaja jina la Mungu kwa mzaha, na faini yake ilikuwa paundi 10. Neno lao la kuagana, "goodbye", lilikuwa zamani dua ya kumwombea msafiri Mungu awe pamoja naye. Leo hata asiyeamini hulisema, dua yenyewe imesahauliwa. Na wapo Waingereza wengine watafutao maneno yasiyotaja dini kabisa. Sisi tunayo maneno kama hayo tangu zamani. Kwaheri humtakia mtu heri. Asante humsifu aliyetenda vyema. Hujambo humwuliza mtu kama hana jambo baya. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini huyatumia sawasawa, wala hayana upungufu wa adabu.

Tena, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu wa serikali na chama waliacha kuitana Bwana wakaitana Ndugu, kusudi wote wawe sawa. Neno hilo halikuwa la dini. Lakini Wakristo walikuwa wakiitana hivyo tangu siku za Mitume.

Basi tulimjibu kijana hivi. Mtume Yakobo aliwaonya wafanya biashara wasijisifie safari ya kesho, bali waseme kwamba watakwenda Bwana akipenda. Inshallah maana yake ni hiyo hiyo, na Wakristo wa Uarabuni huisema kila siku. Anayependa kusema "Mungu akipenda" na aseme. Anayesema "tukijaliwa" hakumtaja Mjalia, lakini hakumkana. Ubaya ni kuapa wallahi ili kuuza samaki aliyeoza, au kutaja jina la Bwana ili kulipamba deni tusilokusudia kulilipa. Na kumvunjia mzee heshima kwa ajili ya neno ambalo yeye alilipokea kama baraka, hilo nalo ni kosa.

Jioni tulikwenda na vijana wote wawili mpaka kwa yule mzee. Aliyekemea akainama, akasema, "Shikamoo, babu. Nilikosa, naomba unisamehe. Utatuvusha kesho, tukijaliwa?"

Mzee akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Inshallah." Asubuhi mtumbwi ulikuwa ukitungoja.