Takse ya kulala: feza ya muji inayopita mikononi mwa mwenye hoteli

Mtu anafika Paris, chumba alishalipa kwa simu mbele ya kusafiri. Kwenye resepsioni wanamuomba tena euro chache. Wengi wanafikiri ni ujanja wa mfanyakazi. Mara nyingi sivyo: ni taxe de séjour, takse ambayo muji unamtoza mgeni kwa kila usiku anaolala. Wakongomani wenye kwenda kutembelea ndugu wanakutana nayo, na wale wanaokaa kule na kupangisha chumba kwa wageni wanaijua upande mwingine, kwa sababu wao ndio wanapaswa kuikusanya.

Takse hii ni ya zamani. Sheria ya tarehe 13 Aprili 1910 iliiweka kwanza kwa ajili ya miji midogo ambako watu walienda kuoga maji ya tiba ao kupumua hewa nzuri. Leo komine yenye kupokea watalii inaweza kuiweka, lakini haijipangii bei jinsi inavyotaka. Sheria ya nchi inaonyesha kiasi cha chini na cha juu, kiisha konseye ya komine inachagua katikati, na uamuzi wake lazima utoke mbele ya tarehe 1 Julai ili utumike mwaka unaofuata. Feza yenyewe inapaswa kurudi katika kazi zinazosaidia utalii.

Hesabu inafanywa kwa mtu na kwa usiku, kufuatana na nyota za hoteli. Kwa mwaka wa 2024, Paris ilitoza euro 2,60 kwa hoteli ya nyota moja, 3,25 kwa nyota mbili, 5,20 kwa nyota tatu, 8,13 kwa nyota ine, 10,73 kwa nyota tano, na 14,95 kwa zile za kifahari zinazoitwa palace. Bei hizo zinaonekana kubwa kwa sababu muji hauko peke yake mezani. Juu ya kila euro 1 ya msingi huongezwa senti 10 za ngazi ya departema, senti 15 za ujenzi wa metro mpya ya Grand Paris, na tangu tarehe 1 Januari 2024, euro 2 nzima za usafiri wa jimbo la Île-de-France. Ni kusema euro 1 inakuwa 3,25. Kwa mwenye kulala palace hiyo si kitu. Kwa watu wawili walio katika hoteli ya nyota moja muda wa juma, ni zaidi ya euro 36, na hapo inaanza kuuma.

Watoto wa chini ya miaka 18 hawalipi. Vilevile wafanyakazi wa msimu walioajiriwa katika komine ile, na watu waliopewa fasi ya kulala kwa dharura.

Nyumba isiyokuwa na nyota, kama vile apartema ya mtu binafsi, iko na hesabu yake: kati ya 1 na 5 kwa mia ya bei ya usiku, ikigawanywa kwa watu. Tuseme apartema ya Paris ni euro 120 bila kodi, na ndani kuna baba, mama na watoto wawili. Bei ya kila mtu ni 30. Tano kwa mia ya 30 ni 1,50. Watoto hawahesabiwi katika malipo, lakini wanahesabiwa katika mgawanyo. Hapo ndipo wapangishaji wengi wanapotea. Watu wazima wawili wanafanya euro 3, na pamoja na nyongeza inakuwa 9,75.

Feza hiyo si mapato ya hoteli. Inaandikwa kwenye fakture pembeni ya bei ya chumba, inabaki kwa mwenye hoteli kwa muda, kiisha inapelekwa kwa muji. Mwenye kuichanganya na makuta ya dukani, akanunua shuka ao akalipa umeme nayo, siku ya kutangaza anajikuta na deni. Ndiyo maana sheria inamuomba daftari: tarehe, idadi ya watu, siku walizolala, kiasi kilichokusanywa, na sababu kama kuna mtu hakulipa. Majina ya wageni hayawekwi humo. Fishi ambayo mgeni wa nchi nyingine anajaza hotelini ni jambo la polisi, haihusu takse.

Tangu tarehe 1 Januari 2019, majukwaa ya intaneti yanayopokea malipo kwa ajili ya wapangishaji wasio wa kazi hiyo yanapaswa kukusanya takse yenyewe. Hilo limewapunguzia watu kazi, lakini limewalaza pia usingizi. Mgeni aliyepiga simu moja kwa moja, ao rafiki wa rafiki aliyelipa mkononi, hakupitia jukwaa. Takse yake inabaki juu ya mpangishaji. Asiyetangaza anaweza kupigwa faini ya euro 750 hadi 12.500.

Wakubwa nao hawakuachwa. Mwezi wa Aprili 2025, korti ya rufaa ya Poitiers iliamuru Airbnb ilipe zaidi ya milioni 8 za euro kwa umoja wa komine za kisiwa cha Oléron, juu ya takse ya kulala. Mbele ya hapo, mwaka wa 2021, Paris ilishinda kesi nyingine ya karibu kiasi hicho, safari hii juu ya matangazo zaidi ya 1.000 yasiyokuwa na namba ya uandikishaji. Namba hiyo ni ya lazima Paris, na tangu 2025 mtu hawezi kupangisha nyumba anamoishi kupita siku 90 kwa mwaka.

Kwetu Congo, TVA inatembea kwa njia hiyohiyo: mteja analipa, na hoteli inayohusika inapeleka DGI bila kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kuhusu takse za jimbo na za muji, Katiba, kifungu cha 174, inakataza kodi isiyotoka katika sheria, na ordonnance-loi 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 imeorodhesha kile majimbo, miji, komine, sekta na sheferi zinaweza kutoza. Mwenye hoteli akitembelewa na mtu wa takse ana haki ya kuuliza iko mstari gani wa orodha ile, ni huduma gani inatoza, na kuomba note de perception. Malipo yanafanywa benki, na karatasi ya benki inachungwa pamoja na note yake, kwa sababu mkaguzi wa mwaka kesho anaweza kuwa mwingine.